Dirisha moja, miaka 14: Hebu nikuonyeshe picha za Josef Sudek

Wacha nianze na kosa langu, ili wewe usije ukalirudia.

Mwaka jana niliweka mtandaoni picha ya mzee mmoja wa Kicheki. Amevaa koti lililochakaa, begani amebeba kamera kubwa ya mbao pamoja na stendi yake ya miguu mitatu, na upande wa kulia mkono wa koti unaning'inia mtupu. Chini ya picha nikaandika yale maneno ambayo umeshayaona mara elfu: huyu alikuwa na mkono mmoja na bado alifanya kazi yake, je, wewe kisingizio chako ni gani? Si unajua vile watu hupenda vitu kama hivyo. Wakaipenda, wakaisambaza, wengine wakaniwekea viganja vya kushukuru. Nikajiona mshauri nasaha.

Halafu akaja jamaa mmoja ninayemfahamu kiasi. Alipoteza mguu kwenye ajali ya bodaboda miaka kadhaa iliyopita. Hakunitusi. Aliuliza swali moja tu: "Umeona picha zake?"

Manze, sikuwa nimeziona. Nilikuwa nimeona picha yake, si picha zake. Nilipokawia kujibu akaongeza: "Mimi watu huniangalia mguu. Na huyo mzee wa watu mmemwangalia mkono."

Nilifuta ile posti usiku huohuo. Kisha nikafanya nilichofaa kuanza nacho. Muda nilikuwa nao. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokatika, na kazi ya kuandika mtandaoni haijazi siku nzima. Naishi bedsita ambayo dirisha lake linatazamana na ukuta wa ploti ya pili. Kwa hivyo nikakaa kitandani na bando la usiku, nikaanza kutafuta picha za Josef Sudek. Hilo jina litamke Yosef, wao herufi J huisoma kama Y yetu.

Mambo ya maisha yake nitakupitishia haraka, kwa sababu hayo ndiyo yaliyonipotosha mara ya kwanza.

Alizaliwa Machi 17, 1896 katika mji wa Kolín, mashariki mwa Prague. Wakati huo hakukuwa na nchi yao wenyewe. Wacheki walikuwa chini ya himaya ya Austria-Hungary. Baba yake, aliyekuwa akipaka nyumba rangi, alifariki Josef akiwa bado mtoto mdogo. Kijana akafunzwa ufundi wa kujalidi vitabu: kushona kurasa, kukata karatasi, kugundisha majalada. Hiyo ni kazi ya mikono miwili. Vita vya Kwanza vya Dunia vikaja, akaandikishwa jeshini na kupelekwa kupigana katika uwanja wa vita wa Italia. Huko vipande vya kombora vikamjeruhi mkono wa kulia, na inasemekana kombora lenyewe lilirushwa na mizinga ya upande wake. Mkono ukakatwa hadi begani. Kujalidi kukaishia hapo.

Alipewa pensheni ya wanajeshi waliolemaa, na miaka iliyofuata alikuwa mtu wa kuingia na kutoka katika nyumba za majeruhi wa vita. Kati ya 1922 na 1924 akasomea upigaji picha katika Shule ya Taifa ya Sanaa za Michoro jijini Prague, chini ya mwalimu Karel Novák. Mwaka 1924 yeye na rafiki yake Jaromír Funke, kijana mwingine kutoka Kolín, walishiriki kuanzisha Chama cha Wapiga Picha cha Czech baada ya kuzozana na wazee wa vilabu vya zamani. Ndiyo, hata huko vijana waliambiwa wasubiri zamu yao, na hata huko walikataa.

Sasa twende kwa picha.

Za kwanza nilizokaa nazo ni zile alizopiga Invalidovna, nyumba kubwa ya majeruhi wa vita mtaani Karlín, Prague, katika miaka ya 1920. Wanaoonekana ni wenzake, watu waliorudi kutoka mitaro ileile. Nilitarajia huzuni. Nilitarajia majeraha yawekwe mbele, kama vile sisi huweka kwenye mabango ya kuchanga pesa. Lakini jicho lako haliendi kwa majeraha, linaenda kwa mwanga. Jua linaingia dirishani, linapenya vumbi na moshi, na wanaume wameketi ndani yake kama watu waliokaa mtoni. Nyuso nyingine hata huzioni vizuri. Aliwajua watu hawa, alikuwa mmoja wao, na hakuwauza.

Hapo ndipo swali la yule jamaa lilianza kuniuma sawasawa.

Kisha kuna kanisa kuu la Mtakatifu Vitus, lile lililo ndani ya Kasri la Prague. Kanisa hilo lilianza kujengwa 1344 na likakamilika 1929. Hebu piga hesabu, karibu miaka 600 ya kuambiwa "tunamalizia". Sudek aliingia humo kati ya 1924 na 1928, mafundi wakiwa katika awamu ya mwisho. Mtu mwingine angesubiri waondoe takataka zao kwanza. Yeye alipiga picha ya hizo takataka. Kuna mbao, mikokoteni ya mkono, kamba, marundo ya mawe na koleo, vyote vimelala chini ya nguzo ndefu, na juu yake miale ya jua inashuka minene kiasi kwamba unahisi unaweza kuiegemea. Ukiangalia haraka ni picha ya kanisa. Ukikaa kidogo unaona ni picha ya mjengo. Ukikaa zaidi, hujui tena ni kipi kitakatifu, nguzo ama mkokoteni. Mwaka 1928 picha 15 kati ya hizo zilitolewa kama albamu yenye nakala 120 tu, katika mwaka ambao taifa lao jipya la Czechoslovakia lilikuwa linatimiza miaka 10.

Najua kuna anayeuliza: huyu ni msanii wa usasa kivipi, na anapenda makanisa na vumbi? Ni swali la haki. Prague ya miaka ya 1920 na 1930 ilikuwa inachemka. Wasanii walitaka mashine, maumbo makali, kamera iliyopinda, vivuli vilivyokatwa kwa wembe. Funke alikuwa bingwa wa hayo. Aliweza kuchukua vipande vya kioo na mwanga akakupa picha ambayo huwezi hata kusema ni ya kitu gani. Sudek naye alifanya ya kwake. Alipiga picha za matangazo kwa shirika la uchapishaji la Družstevní práce, akipanga vyombo vya kauri na gilasi vilivyobuniwa na Ladislav Sutnar. Ni vikombe na sahani, basi, lakini zimepangwa mstari kwa mstari, zimemulikwa kutoka pembeni, kivuli cha kila moja kinaangukia nyingine. Ukiziona leo utadhani zimepigwa wiki iliyopita na kampuni inayouza vyombo ghali. Kama wewe ni mtu wa maumbo makali, anza na hizo, kisha uende kwa Funke. Sitakulaumu.

Ila mimi naona Sudek alijifunza usasa kama mtu anayejifunza kuendesha gari ili afike mahali pengine. Alichukua kutoka kwake ule ujasiri wa kusema kwamba gilasi tupu inatosha kuwa picha. Baadaye akaacha makelele.

Kabla hatujafika dirishani, kuna kisa kimoja siwezi kukiruka, ingawa kinahusu mkono. Mwaka 1926 alisafiri Italia pamoja na marafiki wake wanamuziki wa okestra ya Czech Philharmonic. Kama alivyosimulia mwenyewe uzeeni, siku moja aliondoka katikati ya tamasha. Akapotea. Alitembea hadi akafika kwenye lile shamba alikojeruhiwa, alfajiri. Mahali alipapata. Mkono, bila shaka, haukuwepo. Alirudi Prague baada ya kama miezi miwili, na anasema tangu hapo hakusafiri tena kwenda mbali.

Kisa hiki ningeweza kukigeuza kuwa posti nyingine ya kuhamasisha. Hakigeuki. Jaribu uone. Mtu alienda kutafuta mkono wake uliokatwa, hakuupata, akarudi nyumbani. Hakuna pa kuweka viganja vya kushukuru.

Nyumbani ndiko wapi? Kuanzia 1927 alikodi studio ndogo ya mbao kwenye uwanja wa nyuma wa majumba ya ghorofa, barabara ya Újezd, chini ya kilima cha Petřín. Usifikirie studio za siku hizi zenye pazia jeupe na taa za duara. Hicho kilikuwa kibanda kilichozingirwa na ghorofa pande zote, na mbele yake kibustani chenye mti mmoja uliopinda. Dadake, Božena, alimsaidia kazi kwa miaka mingi. Ndani kulijaa mpaka pa kupita pakakosekana: karatasi, bahasha, negativi, maganda ya konokono, manyoya, santuri za muziki. Alipenda muziki kupita kiasi, hasa wa Leoš Janáček, na jioni za Jumanne marafiki walikuja hapo kusikiliza santuri. Fujo ile hata aliipiga picha na kuiita labirinthi. Mimi mamangu angeiita jina lingine.

Machi 1939 wanajeshi wa Hitler wakaingia Prague. Kuanzia hapo, mtu anayezunguka mjini na kamera kubwa kama mzinga wa nyuki alikuwa anajitafutia balaa. Sudek akarudi ndani ya kibanda. Na kwa kuwa nje hakuendeki, akageuza kamera kuelekea dirishani.

Mfululizo huo unaitwa Dirisha la Studio Yangu. Aliuanza 1940. Vita vikaisha 1945, angeweza kutoka, na kweli alitoka, lakini dirisha hakuliacha. Aliendelea nalo hadi 1954. Miaka 14, dirisha lilelile, mti uleule.

Hebu nikueleze vile zilivyo, kwa sababu maneno "picha za dirisha" hayasemi lolote. Kamera iko ndani. Kati yake na dunia kuna kioo. Studio ina joto kidogo na nje kuna baridi, basi kioo kinatoa jasho. Wakati mwingine ni ukungu mwepesi, wakati mwingine ni matone, wakati mwingine barafu imechora majani yake juu ya kioo. Nyuma ya hayo kuna mti, lakini kama mtu unayemkumbuka nusunusu. Shina limepinda kama mtu anayejinyoosha mgongo. Kuna picha ambapo una theluji kwenye kila tawi. Kuna nyingine ambapo umebaki kivuli tu. Kuna za usiku, na dirisha la jirani limewaka taa huko nyuma, doa moja la mwanga, ukajua kuna mtu mwingine hajalala. Kwenye kizingiti anaweka kitu kimoja au viwili, pengine ua ndani ya gilasi ya maji. Basi. Hakuna mtu anayetembea, hakuna gari, hakuna bendera. Zile za miaka ya kwanza zilipigwa wakati jiji lote liko chini ya jeshi la kigeni na majirani wanachukuliwa na kupelekwa kambini. Hakuna hata kitu kimoja cha hayo ndani ya picha, na bado mimi nikiziangalia naona mtu aliyeshika pumzi.

Usiku wa kwanza nilizipitisha kwa kidole kama kawaida yetu. Picha 40 kwa dakika mbili. Nikasema hizi zote ni moja. Kuwa mkweli, hata wewe ungesema hivyo. Ilinichukua usiku wa tatu kugundua kwamba nilikuwa naangalia mti peke yake, wakati yeye mara nyingi lenzi yake ameilenga kwenye kioo. Kamera zile kubwa zina tabia hiyo: ukilenga cha karibu, cha mbali kinayeyuka. Kwa hivyo tone la maji liko kali, unaweza kulihesabu, na mti mzima na jiji zima vimekuwa rangi tu ya kijivu nyuma ya tone. Katika picha nyingine anafanya kinyume. Kila mara anaamua upya dunia iko upande gani wa kioo. Nikarudi mwanzo, nikaanza kuziangalia moja moja.

Kuna jambo la ufundi hapa ambalo lazima nikueleze, na nitajaribu nisikuchoshe. Wakati wa filamu, negativi ilikuwa ndogo, kwa hivyo ulitumia mashine ndani ya chumba cha giza kuikuza hadi picha iwe kubwa. Ukikuza, kuna kitu kinapotea, kama vile ukivuta picha ya simu kwa vidole viwili hadi ianze kuvunjika. Mwaka 1940 Sudek aliona picha ya zamani ya sanamu ya kanisa la Chartres, Ufaransa, iliyokuwa na ukubwa wa karibu sentimita 30 kwa 40. Akatambua kuwa haikuwa imekuzwa. Negativi yenyewe ilikuwa kubwa hivyo. Ililazwa moja kwa moja juu ya karatasi, ikamulikwa, kwisha. Jiwe la sanamu lilionekana kama jiwe. Kuanzia hapo akaamua kazi yake itafanywa hivyo. Ukitaka picha kubwa, beba kamera kubwa.

Ndiyo sababu alikuwa anazunguka Prague na lile zigo. Alilikaza kwa magoti, na mkono usipotosha, alitumia meno. Nimekwambia nitaacha habari ya mkono, lakini hapa inaingia kwa njia nyingine. Angeweza kuchagua kamera ndogo. Zilikuwepo, nyepesi, za mfukoni, na wapiga picha wa Ulaya walikuwa wanazifurahia. Mtu mwenye mkono mmoja akachagua nzito kuliko zote, kwa sababu alitaka jiwe lionekane kama jiwe.

Msaidizi wake mmoja baada ya vita alikuwa Sonja Bullaty, binti Myahudi wa Prague aliyenusurika kambi za Wanazi. Baadaye alihamia New York, akawa mpiga picha, na 1978 akatoa kitabu kuhusu mwalimu wake. Anasimulia siku walipokuwa kwenye ukumbi mmoja wa kale chini ya Kasri la Prague. Walisimamisha kamera, kisha wakaketi sakafuni na kuanza kupiga gumzo. Ghafla mzee akaruka. Mwale wa jua ulikuwa umeingia gizani. Wote wawili wakashika vitambaa wakaanza kuvipunga kwa nguvu ili vumbi la miaka na miaka lipae, kwa sababu bila vumbi mwale hauonekani. Aliujua mwale huo ungekuja, ama alitumaini. Sehemu ninayoipenda ni kwamba wakati wanasubiri walikuwa wanapiga gumzo tu.

Miaka ya 1950 akaingia kwenye mambo ya mezani. Yai, kipande cha mkate, gilasi yenye pande pande ikiwa na maji nusu. Nchi ilikuwa mikononi mwa chama cha Kikomunisti tangu 1948, na sanaa iliyotakiwa ilikuwa ya viwanda, matrekta na wafanyakazi wenye tabasamu. Yeye alikuwa kwenye kibanda anasogeza yai. Hakuandika tamko lolote la upinzani ninalolijua, na sitaki kumvalisha koti la mwanaharakati. Mwaka 1961 serikali ileile ilimpa heshima ya Msanii Mstahiki. Lakini angalia zile gilasi. Kila upande wa gilasi unavunja mwanga kivyake, yai limekaa pembeni jeupe lakini si jeupe, maana ukilitazama lina kijivu kama aina 20. Hapo ndipo unaona alichokuwa amejifunza kwenye matangazo ya Sutnar, ila sasa hakuna anayeuziwa kitu. Kati ya zote nilizoziona, hizi ndizo ningezitundika ukutani kama ningekuwa na ukuta wa maana.

Zingine zilinichosha, wacha niseme ukweli. Kuna kitabu chake maarufu cha 1959, Prague kwa upana, chenye picha 284 alizopiga kwa kamera ya Kodak ya mwisho wa karne ya 19 ambayo lenzi yake inazunguka na kufagia mandhari yote kutoka upande hadi upande. Wajuzi wanakisifu sana, na naelewa: mito, madaraja, viwanda, pembe za mji ambazo hakuna mtalii angefika, zote kwenye umbo refu kama skafu. Lakini kufika picha ya 100 nilianza kupiga miayo. Pengine ni kosa la skrini. Picha yenye upana wa sentimita 30 ikiingia kwenye simu inakuwa kama kope. Na pengine kinahitaji mtu anayelijua lile jiji kwa miguu.

Hilo la skrini ni muhimu, kwa hivyo sikiza. Picha za Sudek ni nyeusi. Alizitoa hivyo makusudi, za kijivu kizito, mwanga kidogo tu umetokeza kama makaa chini ya jivu. Simu yako haipendi giza. Ukiweka mwangaza juu kabisa inaosha kila kitu, unabaki na dirisha chafu. Zima taa ya chumba. Shusha mwangaza wa simu kiasi. Usivute kwa vidole. Tazama picha moja hadi uanze kuboeka, kisha ubaki hapo kidogo zaidi. Mimi huchukua kama dakika tatu, ambazo ukizipima kwa saa utashangaa ni ndefu kiasi gani.

Mzee alifariki Septemba 15, 1976, akiwa na miaka 80. Miaka miwili kabla, jumba la George Eastman huko Rochester, Marekani, lilikuwa limeandaa maonyesho makubwa ya kazi yake. Hakuwahi kuoa. Maelfu ya picha alizoacha zilipangwa na mwanahistoria wa sanaa Anna Fárová. Kibanda cha Újezd kiliungua 1985. Mwaka 2000 kilijengwa upya mahali palepale kwa umbo lilelile, na leo ni ukumbi mdogo wa maonyesho ya picha. Siku moja nikipata nauli ya kufika huko, sitaanza na kasri.

Nilimtafuta yule jamaa baada ya kama wiki mbili. Sikujua nianzeje, kwa hivyo sikumwandikia chochote, nikamtumia tu picha ya 1956 inayoitwa Waridi la Mwisho. Ni gilasi ya maji kwenye kizingiti, waridi ndani yake, na nyuma yake kioo kilichojaa matone hadi bustani imetoweka.

Siku nzima kimya. Nikajua bado amekasirika.

Usiku akajibu: "Hayo maji kwa kioo yako ndani ama nje?"

Nikarudi kuangalia. Tumebishana tangu siku hiyo. Yeye anasema nje, ni mvua. Mimi nasema ndani.